Kamisheni asilimia ngapi? Kwanza ulizeni: asilimia ya nini?

Swali la msomaji: Mimi ni dereva wa teksi mtandao hapa Dar es Salaam. Gari si langu, napeleka hesabu kwa tajiri kila wiki. Kwenye kundi letu la WhatsApp tumechoka na makato, tumechoka na kufungiwa akaunti bila kuambiwa kosa. Wapo wanaotaka tuzime simu tugome. Wapo wanaotaka tuwaandikie LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kamisheni ishushwe tena. Na wapo wanaosema tusithubutu, tutazifukuza programu kama ilivyotokea 2022. Tudai nini, na tupite njia gani, ili sheria itutendee haki bila kuiua kazi yenyewe?

Jibu: Ndugu dereva, nianze na hao wanaowakumbusha 2022, maana wana hoja kuliko mnavyowachukulia. Mwaka ule LATRA ilipanga nauli za teksi mtandao na kuweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 15, wakati Uber ilikuwa imezoea kukata 25. Aprili 2022 Uber ikasitisha huduma nchini. Agosti Bolt nayo ikabaki na wateja wa makampuni tu. Yakafuata mazungumzo, ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarudi barabarani. Ukiangalia kwa jicho la dereva: alidai, akapewa, akakosa kazi, akarudishwa pale pale alipoanzia.

Wengi wamejifunza hapo kwamba dereva akae kimya. Mimi naona tatizo lilikuwa kwenye kilichodaiwa. Ilidaiwa namba. Na namba, ikiwa peke yake, ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kwa kampuni kukikwepa na kwa serikali kukirudisha nyuma wakati kampuni ikitishia kufunga virago.

Tazameni kwa jirani. Nairobi madereva waligoma Julai 2018 wakilalamikia nauli ndogo na makato makubwa. Wakaendelea kupiga kelele, wakaandamana, wakakaa na wizara, hadi 2022 Kenya ilipotoa kanuni za kampuni za usafiri wa mtandaoni zenye ukomo wa asilimia 18. Ushindi mkubwa, na sitaki kuudharau. Lakini mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri ya huko, NTSA, ilikataa kuihuisha leseni ya Bolt kwa muda, na moja ya sababu ilikuwa malalamiko kwamba juu ya kamisheni ile imeongezwa ada nyingine ya asilimia 5. Kufika Agosti 2024, miaka miwili tangu ukomo uwepo, madereva wa Nairobi walikuwa wamebandika karatasi za bei zao wenyewe ndani ya magari, abiria anaingia anaonyeshwa bei ya kwenye karatasi badala ya ile ya kwenye simu. Ukomo upo kwenye kanuni, na dereva bado anabishana na abiria mlangoni.

Kwa nini? Fanyeni hesabu hii ya mfano. Abiria kutoka Mwenge kwenda Kariakoo kaonyeshwa nauli ya shilingi 10,000 na kalipa hiyo 10,000 kwa kadi. Kwenye simu yako wewe, safari ileile inasomeka shilingi 8,000. Programu inakata asilimia 25 ya 8,000, yaani 2,000, unabaki na 6,000. Kwenye ripoti ya kampuni kila kitu ni halali: kamisheni asilimia 25, ukomo umeheshimiwa. Lakini katika 10,000 iliyotoka mfukoni mwa abiria, 4,000 haikukufikia. Hiyo ni asilimia 40. Inawezekana sehemu yake ni kodi, sehemu ni ada ya kuita gari, sehemu ni punguzo la abiria mwingine lililofidiwa kwako. Inawezekana pia si hivyo. Wewe huna namna ya kujua, na LATRA nayo, ikiwa inaletewa asilimia bila kuletewa safari zenyewe, haina namna ya kujua.

Kwa hiyo dai lenu la kwanza liwe la kuona. Kila safari ikiisha, simu ya dereva ionyeshe abiria alilipa kiasi gani, kila kilichokatwa kwa jina lake, na kilichobaki. Pili, ukomo wowote utakaowekwa, uwe 15, uwe 20, uwe 25, uhesabiwe juu ya pesa yote aliyolipa abiria ukiondoa kodi, na ujumuishe makato yote, kamisheni na ada za kila jina. Dai hili haliigharimu kampuni inayosema kweli hata senti moja. Ndiyo maana nalipenda. Kampuni itakayotishia kuondoka kwa sababu imeambiwa iweke wazi risiti yake itakuwa imejieleza yenyewe mbele ya umma, jambo ambalo haikulazimika kulifanya 2022.

Tuje kwenye kufungiwa, ambako naamini ndiko kwenye uonevu mkubwa zaidi, ingawa makundi ya madereva hulitaja mwishoni, baada ya kamisheni na nauli. Unaamka alfajiri, unafungua simu, unakuta ujumbe kwamba akaunti yako imesitishwa kwa kukiuka masharti. Masharti yapi, haisemi. Abiria gani, siku gani, haisemi. Ukiandika kuuliza unajibiwa na maneno yaleyale uliyokwisha kuyasoma. Wakati huohuo hesabu ya tajiri haijasitishwa, na ikifika Jumapili huna, gari linachukuliwa na dereva mwingine. Aliyefungiwa kimakosa akifunguliwa baada ya wiki mbili anakuta hana gari. Katika kazi nyingine zote tunazozifahamu, mtu hafukuzwi bila kuambiwa kosa na kupewa nafasi ya kujieleza.

Hapa kuna jambo la kujifunza mbali kidogo, kwa sababu walilolifanya wenzenu Uingereza linawahusu moja kwa moja. Madereva wawili wa London, Yaseen Aslam na James Farrar, walianza kesi dhidi ya Uber wakidai watambuliwe kuwa wafanyakazi. Walishinda kwenye baraza la kazi 2016, kampuni ikakata rufaa ngazi baada ya ngazi, na tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa kauli moja. Mwezi uliofuata Uber ikatangaza kwamba madereva wake zaidi ya 70,000 nchini humo watalipwa kima cha chini, likizo na pensheni. Kesi hiyo ndiyo inayosimuliwa sana.

Ila mimi huwa nawaelekeza madereva kwenye kesi nyingine isiyosimuliwa. Madereva haohao na chama chao waligundua kwamba hawawezi kubishana na kampuni inayojua kila kitu wakati wao hawajui chochote. Wakatumia sheria ya ulinzi wa data kuomba taarifa zao wenyewe: safari zangu, alama nilizopewa, sababu za kunifungia, mashine iliamuaje. Walipozungushwa wakaenda mahakamani Amsterdam, yaliko makao ya kampuni kwa Ulaya. Aprili 2023 mahakama ya rufaa ya huko ikasema madereva wana haki ya kuelezwa, na kuhusu baadhi waliofungiwa kwa tuhuma za udanganyifu ikaona kwamba mkono wa binadamu katika uamuzi ule ulikuwa wa kuonyesha tu. Mashine ndiyo iliyoamua. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: agizo lake la 2024 kuhusu kazi za majukwaa ya mtandaoni linakataza mtu kuondolewa kazini na mashine bila binadamu kuamua.

Na msidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Sheria hiyo inakupa haki ya kuomba kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na jinsi zinavyotumika, na haki ya kudai kwamba uamuzi unaokugusa kwa uzito usitegemee mashine pekee. Dereva ambaye nyota zake, mahali alipo kila dakika na idadi ya safari alizokataa vyote vimehifadhiwa ni mtu wa kwanza anayestahili kuitumia. Sijui kundi lenu lina watu wangapi waliofungiwa mwaka huu, lakini kila mmoja wao anaweza kuandika ombi lake leo, kwa jina lake, akitaja namba ya akaunti na tarehe aliyofungiwa, akiuliza: nilifungiwa kwa kosa gani, kwa taarifa ipi, na ni nani aliyeamua? Kampuni isipojibu, au ikijibu kijuujuu, malalamiko yanapelekwa kwenye Tume. Huhitaji wakili kufanya hivyo. Na maombi ishirini yaliyoandikwa vizuri yana uzito kuliko sauti mia mbili za WhatsApp.

Hapo ndipo linapoingia suala la ushahidi, na nitawaomba mlichukulie kama kazi ya wiki zijazo kabla ya barua yoyote. Chagueni madereva walio tayari, si lazima wote. Kila mmoja awe na daftari, la karatasi au la kwenye simu. Kwa kila safari aandike: alikuwa wapi ilipoingia, kilomita za kumfuata abiria, kilomita za safari yenyewe, nauli iliyosomeka kwake, nauli aliyolipa abiria, na kilichoingia. Nauli ya abiria mnaipataje? Mnamuuliza. Mwambieni kwa adabu, "Samahani dada, naomba kuona risiti yako, tunakusanya hesabu zetu." Wengi wataonyesha, na wengine watashangaa kuliko nyinyi. Pigeni skrinshoti zenu, lakini futeni majina na namba za abiria kabla ya kuziweka popote. Itakuwa aibu kwenda kudai ulinzi wa taarifa zenu huku mmetawanya za wengine.

Zile kilomita za kumfuata abiria msiziache. Hazilipwi, lakini zinakula mafuta yaleyale. Mdhibiti anapokaa kupanga nauli kwa kilomita, kwa kawaida anaiona safari kuanzia abiria anapopanda. Mkimletea daftari la mwezi mzima linaloonyesha kwamba dereva wa kawaida anaendesha kilomita tatu bure ili apate safari ya kilomita kumi, kama hivyo ndivyo ilivyo, mmemletea kitu ambacho kampuni haitamletea.

Sasa nikuguse kidogo mahali panapouma. Umesema gari si lako. Tuseme kamisheni inashuka kesho kutoka 25 hadi 15. Tajiri wako anasoma magazeti kama wewe. Ni nini kinachomzuia kupandisha hesabu ya wiki? Hakuna. Madereva wenye magari yao watafaidi. Nyinyi wa hesabu mtafaidi kwa mwezi mmoja au miwili. Sisemi msidai, ila muwaite wenye magari mezani mapema, kwa sababu nao wanaumizwa na akaunti kufungiwa ghafla na gari kulala. Wana maslahi na nyinyi kwenye hilo, na wengine wana sauti serikalini kuliko nyinyi. Kuhusu mikataba ya hesabu yenyewe, hilo ni jambo refu. Kwa leo itoshe kusema kwamba msiliweke kwenye barua moja na haya, litawagawa.

Abiria nao. Mwaka 2022 abiria walijikuta hawana usafiri waliouzoea, na lawama zikagawanywa kati ya serikali na madereva. Kampuni ikabaki salama. Safari hii abiria wawe upande wenu kabla ya kishindo, na hilo linawezekana kwa sababu suala la risiti ni lao pia. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria. Nendeni kwao na mfano wa 10,000 na 8,000, lakini wenu wa kweli kutoka kwenye madaftari. Abiria anayedhani amemlipa dereva 10,000 kumbe dereva kapata 6,000 ana haki ya kukasirika. Ongezeni pia suala la usalama: akaunti inayoendeshwa na mtu asiye mwenye picha ni hatari kwa abiria, na inaweza kutokana na watu kufungiwa ovyo na kukodisha akaunti za wenzao.

Kuhusu mgomo. Kuzima simu kwa siku moja mnaweza, na wakati mwingine husaidia kuvuta macho ya waandishi. Ila mjue mnasimama wapi kisheria. Kampuni zinasema nyinyi si wafanyakazi, ni wafanyabiashara huru. Mkikubali jina hilo, basi mjue Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza wafanyabiashara wanaoshindana kukubaliana bei. Karatasi ya bei iliyobandikwa na madereva mia tatu kwa makubaliano inaweza kusomwa hivyo. Mkilikataa jina hilo na kusema nyinyi ni wafanyakazi, kupanga malipo kwa pamoja kunakuwa haki, na hapo kuna kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ambacho madereva wachache wanakijua. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uandikwe vipi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: anafanya kazi chini ya usimamizi au maelekezo ya mwingine, anamtegemea huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Kuna madereva wanaozimaliza kwa siku nne.

Je, mkimbilie mahakamani na kifungu hicho? Kwa maoni yangu, si sasa. Kesi ya London ilichukua zaidi ya miaka mitano na ilibebwa na chama chenye wanasheria na wachangiaji. Lakini kitajeni kwenye barua. Kampuni ikijua mnakijua, itapendelea kuzungumza juu ya risiti na utaratibu wa kufungia kuliko kuzungumza juu ya ajira. Na upepo wa dunia unavuma upande wenu: Juni 2025 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva uliamua kwamba kazi za majukwaa ya mtandaoni ziwekewe mkataba wa kimataifa pamoja na pendekezo lake. Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi vya Tanzania vina viti katika mkutano huo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lina sababu ya kuwasikiliza hata kama hamjawa wanachama wa chama chochote.

Mtahitaji jina la kusimamia. Kundi la WhatsApp haliwezi kualikwa kwenye kikao wala kukata rufaa. Kama kuna chama cha madereva kilichosajiliwa ambacho bado kiko hai, jiungeni nacho na mgombee uongozi, kuanzisha kingine ndiko kunakowapa wadhibiti kisingizio cha kuuliza, "Nyinyi ni akina nani, mbona jana walikuja wengine?" Wekeni kati ya wawakilishi wenu dereva mwanamke mmoja angalau, na mtu wa bajaji au bodaboda anayefanya kazi ya mtandao, maana kanuni ikiandikwa kwa ajili ya gari dogo pekee makato yatahamia kwa wale wa magurudumu matatu na mawili.

Barua yenyewe iende LATRA, nakala kwa baraza la watumiaji, kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa wizara yenye dhamana ya uchukuzi na kwa ofisi za kampuni zenyewe. Ndiyo, kampuni zenyewe, msiwafiche. Iwe na kurasa mbili, si kumi. Madai matatu: risiti ya wazi kwa dereva na abiria, ukomo unaojumuisha makato yote, na utaratibu wa kufungia akaunti wenye sababu ya maandishi, binadamu anayesikiliza na siku maalumu za kutoa jibu. Kuhusu hizo siku, mimi ningependekeza tatu za kazi, kwa sababu hesabu ni ya wiki. Ombeni kwa maneno haya kwamba mkutano wa kukusanya maoni ya wadau uitishwe kabla ya mabadiliko yoyote ya kanuni au viwango, na kwamba muda wa mpito uwekwe ili kampuni ziwe na nafasi ya kurekebisha programu zao. Hilo la mpito linawajibu wale wa 2022 ndani ya kundi lenu kuliko hotuba yoyote. Na uamuzi wa LATRA usiporidhisha, Baraza la Ushindani lipo kwa ajili ya rufaa dhidi ya mamlaka za udhibiti, ila lina muda wake wa kupokea, kwa hiyo tarehe ni muhimu.

Ambatisheni muhtasari wa madaftari, ukurasa mmoja, wenye wastani na mifano mitatu ya safari halisi. Madaftari yenyewe bakini nayo. Mkifika masjala na barua, pelekeni nakala mbili, na msiondoke dirishani kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.